Kuwaleta Wageni Yakobi kwa Treni ya TAZARA

Barua za namna moja hufika Njombe mara kwa mara, zikibadilika tarehe na majina tu. Ushirika rafiki wa Ujerumani, au shule ya Denmark, au wanunuzi wa parachichi wa Uholanzi, wanasema watakuja watu kumi na wanne mwezi wa saba. Watatua Dar es Salaam, na wangependa sana kupanda treni. Kuna mmoja wao amesoma habari za reli ya TAZARA na amekwisha kuwaambukiza wenzake hamu hiyo. Mwisho wa barua wanauliza kwa adabu: je, pale uwanja wa ndege kuna treni?

Mwenyeji wa Yakobi, kijiji kilicho karibu na Njombe mjini, huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni "hakuna shida", na hilo ndilo linalozaa shida zote. La pili ni kukodi Coaster na kusahau habari za treni. Nawaandikia wale wanaotaka kujibu vizuri zaidi ya hapo. Safari hii inawezekana, na ikipangwa vizuri wageni wataisimulia kwao kwa miaka. Lakini ujue inakatikia wapi. Ndani ya behewa ni nadra kuharibika jambo kubwa. Mambo huharibika kwenye maungio: kati ya ndege na stesheni, na kati ya stesheni ya Makambako na kitanda cha Yakobi. Huko ndiko pa kuweka watu wako, muda wako na fedha yako ya akiba.

Tuanze na swali lao. Uwanja wa Julius Nyerere hauna treni ya kuwapeleka abiria mjini. Wageni waliozoea Frankfurt, ambako stesheni iko chini ya jengo la abiria, au waliowahi kupita Johannesburg na kupanda Gautrain, inayounganisha uwanja wa O. R. Tambo na Sandton tangu Juni 2010, watatoka Jengo la Tatu wakitafuta alama ya reli ukutani. Waandikie mapema ili wasiitafute. Njia za reli zipo jirani, na ile ya kisasa, SGR, ina stesheni Pugu, nje kidogo baada ya Gongo la Mboto, lakini hakuna behewa linalosimama mlangoni mwa uwanja.

Kinachokusaidia ni jinsi jiji lilivyokaa. Uwanja wa ndege, stesheni ya TAZARA na katikati ya mji vyote vimeshikwa na Barabara ya Nyerere. Ukitoka uwanjani kuelekea mjini, TAZARA unaikuta karibu nusu ya njia, kwenye makutano na Barabara ya Mandela, pale penye Daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Kwa kilomita ni karibu sana. Kwa saa, inategemea foleni, na foleni ya barabara ile jioni haina huruma na mgeni wala mwenyeji.

Ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Mtu anatazama ramani, anaona ndege inatua saa sita mchana na treni inaondoka alasiri, anasema watapitiliza. Usifanye hivyo. Watu kumi na wanne hawatoki uwanjani kwa wakati mmoja. Wawili watakuwa hawajaomba viza kwa mtandao na watapanga foleni ya kulipia pale pale, dola 50 kwa wengi wao na 100 kwa Wamarekani. Mmoja, begi lake litakuwa limebaki Addis Ababa au Istanbul, na atajaza fomu huku wenzake wakimsubiri nje kwenye joto. Wengine watataka laini ya simu, wengine kubadili fedha. Kila jambo ni dogo, lakini yakijumlishwa yanakula saa tatu, na treni inayofuata huenda ni ya siku kadhaa mbele. Kanuni yangu haina msamaha: ndege na treni zisikutane siku moja. Kundi lilale Dar angalau usiku mmoja. Kwa bahati nzuri ndege nyingi za kutoka Ulaya hutua usiku, kwa hiyo usiku wa kwanza umelazimika hata hivyo; tatizo ni kwa wanaofika mchana na kudhani wameokoa siku.

Pa kulala pasiwe mbali na Barabara ya Nyerere. Makundi ya makanisa hupelekwa Msimbazi Centre, Ilala, au kwa Baraza la Maaskofu kule Kurasini, na zote ni sehemu za heshima ambazo asubuhi zinakuacha karibu na stesheni. Usiwapeleke Mbezi Beach kwa sababu ya bahari. Bahari wataiona siku ya kurudi.

Kabla ya ndege kuruka kwao, barua yako ya pili iwe imewaambia mambo matatu wasiyoyajua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo wasifungashe viatu vyao kwa mifuko ya dukani. Pili, mwezi wa saba Njombe ni baridi. Mzungu husikia "Afrika" akapakia kaptula, na ukimwambia kuna umande unaoganda anadhani unatania. Tatu, na hili ni zito kuliko yote, viza ya matembezi ni ya kutembea. Kama wanakuja kupaka rangi darasa, kufundisha au kutibu wagonjwa, hata bure, ulizeni Uhamiaji Njombe kibali kinachohitajika kabla ya safari. Kuna ushirika umewahi kuona wageni wake wakitolewa juu ya ngazi na brashi mkononi ili wakahojiwe, na siku mbili za ziara zikaishia hapo.

Sasa treni. Kwanza hakikisha ipo. Kwa miaka mingi ratiba ya TAZARA imekuwa treni mbili za abiria kwa wiki kutoka Dar, Jumanne na Ijumaa, moja ya haraka iitwayo Mukuba na nyingine ya kawaida iitwayo Kilimanjaro. Usiinakili ratiba hiyo kwenye barua kana kwamba ni kalenda ya kanisa. Reli hii ni ya serikali mbili, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na kwa muda mrefu imekuwa na upungufu wa vichwa na mabehewa. Treni huahirishwa, siku hubadilishwa, na huduma imewahi kusimama kabisa kwa vipindi. Aidha, Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano mjini Beijing ya kuifufua reli hii, na reli inayokarabatiwa hufungwa vipande vipande. Kwa hiyo mtume mtu unayemwamini dirishani kwa mkata tiketi mwezi mmoja kabla, arudi wiki moja kabla, na apige simu stesheni asubuhi ya siku yenyewe. Maneno ya mtu aliyesikia kwa shemeji yake wa Mbeya si taarifa.

Tiketi zina kisa chake. Daraja la kwanza ni vyumba vya vitanda vinne, la pili ni vitanda sita, na chini ya hapo ni viti. Kwa kawaida wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa kundi likinunua chumba kizima. Kwa hiyo usinunue vitanda, nunua vyumba. Watu kumi na wanne wanahitaji vyumba vinne vya daraja la kwanza. Hivyo ni vitanda kumi na sita: wageni kumi na wanne, wewe mwenyeji, na kimoja cha mabegi. Mhasibu wa ziara atakuuliza kwa nini umelipia kitanda cha mabegi. Mwambie ni nafuu kuliko kumwona bibi wa miaka sabini akilala amekunja magoti juu ya sanduku. Vyumba viwe vimefuatana katika behewa moja. Hilo huombwa siku ya kukata tiketi, si siku ya safari. Wazee na wenye magoti mabovu wapewe vitanda vya chini kwa majina, umeandika karatasini, kabla vijana hawajarusha mizigo yao popote.

Karatasi hiyo ya majina, yenye namba za pasipoti, chapa nakala tatu. Moja ibaki kwako, moja kwa kiongozi wao, moja kwa mtu atakayewapokea Makambako. Na saa zote ziandikwe kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Ukimwambia Mjerumani muwe stesheni saa saba, atakuwa amekwisha kunywa chai yake langoni alfajiri, peke yake.

Siku ya safari fikeni stesheni saa mbili au zaidi kabla. Jengo la TAZARA ni kubwa, la zege, lilijengwa kwa kipimo cha ndoto za miaka ya 1970, na mtu akikaa kwenye ukumbi wake anaelewa mengi kuhusu nchi hii bila kusimuliwa. Ujenzi wa reli ulianza Oktoba 1970, ukakamilika 1975, na mwaka uliofuata, Julai 1976, ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Wataalamu wa Kichina waliokufa wakati wa kazi ile wamezikwa Gongo la Mboto, mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Rais Xi Jinping alifika kwenye makaburi hayo Machi 2013. Kama kundi lina asubuhi nzima ya bure, wapeleke huko badala ya sokoni. Watapanda treni wakijua wanapita juu ya kazi ya nani. Jambo moja tu: kamera. Watu wa usalama hawapendi picha za stesheni na madaraja, kwa hiyo omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla mgeni hajainua simu, na akikataliwa asibishane.

Nunueni maji ya chupa ya kutosha mjini, makaratasi ya msalani, matunda, mkate na karanga. Behewa la chakula huwa na wali, kuku, ugali, chai na soda, na kukaa humo ni sehemu ya raha ya safari, ila chakula huweza kwisha treni ikichelewa. Maji ya bafuni nayo huisha. Simu zichajiwe usiku uliotangulia na kila mtu awe na chaji ya kubeba.

Treni ikiondoka kwa wakati, jua linapokaribia kuzama mtakuwa mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Hapo twiga na nyumbu huonekana dirishani bila kiingilio, wakati mwingine na tembo. Usiwaahidi. Treni ikichelewa saa tatu mtapita gizani, na ahadi ya twiga isiyotimia hukumbukwa kuliko twiga aliyetimia. Usiku ni wa Mang'ula na Ifakara, joto la bonde la Kilombero, na mbu. Mlango ufungwe kwa komeo, na dirisha lishushwe kila treni inaposimama, kwa sababu mkono wa nje hufika ndani kwa wepesi wa ajabu. Kila chumba kiwe na mkubwa wake, na huyo ndiye unayemuuliza hesabu ya watu asubuhi, si kupita wewe ukihesabu vichwa vilivyolala.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho ambacho wageni wamekilipia, hata kama hawajui. Treni inatoka bondeni na kupanda ukingo wa nyanda za juu, inazunguka, inaingia kwenye mahandaki mfululizo, inavuka madaraja marefu likiwamo lile la Mto Mpanga lenye nguzo za mita 50 hivi. Mahandaki mengi ya reli nzima yamejaa hapa. Waamshe wote. Mtu akikuambia amechoka, muamshe tena. Ndani ya saa chache hewa inabadilika kutoka joto la mashamba ya mpunga hadi baridi ya kuvuta blanketi, kwa hiyo sweta iwe kwenye begi la mkononi, isiwe chini ya sanduku kubwa. Mlimba wachuuzi huja dirishani na ndizi na vyakula vya moto. Mwache kila mgeni anunue mwenyewe kwa shilingi zake. Ni somo la Kiswahili ambalo hakuna darasa linaloweza kulishinda, na wakati huo huo wafundishe salamu ya "Kamwene", wafike wakiwa nayo mdomoni.

Wakati wao wanashangaa mahandaki, wewe una kazi ya simu. Mtandao porini na milimani hukatika, na anayewasubiri hajui treni iko wapi. Hapa ndipo wenyeji wengi hukosea: wanamtuma dereva Makambako kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba, anakaa kutwa, anachoka, anakwenda kula, na treni inafika yeye hayupo. Tumia Mlimba kama alama. Treni ikiwa bado Mlimba, ina saa kadhaa za kupanda. Ukituma ujumbe "tumetoka Mlimba", dereva aliye Njombe ana muda wa kunywa chai, kujaza mafuta na kwenda kilomita 60 kwa utulivu hadi Makambako, afike kabla yenu. Mtandao ukikataa, awe na namba ya stesheni ya Makambako aulize mwenyewe. Wao hujua treni iko wapi. Kwa ratiba za kawaida mnatarajiwa kesho yake asubuhi au mchana, lakini mpango wa chakula, gari na vitanda ufanywe kana kwamba mtafika usiku. Mkifika mchana, hakuna aliyewahi kulalamika kwa kuwahi.

Makambako ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Dar hadi Tunduma, na hapo hapo barabara ya Njombe na Songea inachepuka. Ni mji wa malori, mbao na haraka. Treni ikisimama, vijana kadhaa watajitolea kubeba mabegi, kila mmoja upande wake. Msimamie hilo kabla halijaanza: watu wako wawili chini kwenye jukwaa, wawili ndani, mabegi yapite dirishani kwa mkono hadi mkono, yahesabiwe yakiwa chungu moja. Wageni wasishuke na mabegi. Wakishuka nayo watatawanyika. Ngazi za behewa ni za juu na jukwaa si refu kila mahali, kwa hiyo wazee wapewe mkono. Ukitaka msaada wa vijana wa hapo, chagua wawili na mpatane bei mbele ya wote. Bei iliyopatanwa baada ya begi kubebwa si bei tena.

Gari liwe lenu, limekuja kwa jina lenu. Usitegemee kupata Coaster pale nje, na Noah zinazopakia abiria wa Njombe si za kundi lenye masanduku kumi na saba. Kama treni imefika baada ya saa mbili usiku, laleni Makambako. Nyumba za wageni zipo za kutosha, nzuri tu. Barabara ya kwenda Njombe ni ya lami, lakini ni ya milima, ukungu na malori yasiyo na taa za nyuma, na hakuna karamu Yakobi yenye thamani ya kuijaribu saa sita usiku na dereva aliyekesha. Kina mama waliopika wataelewa wakipigiwa simu mapema. Wasipopigiwa ndipo huudhika, na wana haki.

Kutoka Njombe mjini hadi Yakobi ni kipande kifupi, lakini kwa wageni ni kirefu kuliko vyote, kwa kuwa wamekwisha kufika kichwani mwao. Kama ni miezi ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili, chagua gari la juu. Hakikisha mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji wana majina ya wageni kabla hawajalala usiku wa kwanza. Na kwenye mapokezi naomba jambo moja kwa wazee wetu wa itifaki: hotuba zisubiri kesho. Mtu aliyetoka kwenye treni anataka maji ya moto kwenye ndoo, chai ya Njombe, blanketi mbili na choo alichoonyeshwa njia yake. Risala yenye kurasa nne, iliyosomwa kwa watu wanaosinzia, haikumbukwi na yeyote isipokuwa aliyeiandika.

Hotuba ya kesho nayo ina kitu cha kusema kuhusu safari. Wageni wengi wa Kijerumani huja Yakobi kwa sababu wamisionari wa Berlin walijenga kituo hapa mwishoni mwa karne ya 19, kituo ambacho mwaka 1905 kilishambuliwa wakati wa Vita vya Maji Maji. Wamisionari hao hawakupitia Dar. Wale wa kwanza wa shirika lao, mwaka 1891, walipanda mto Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa na kuanzia Unyakyusa, kisha kazi yao ikasogea mashariki hadi Ubena. Waelezeni wageni pande zote mbili za habari ya 1905, ya waliokuwa ndani ya kituo na ya waliokuja kukishambulia na sababu zao. Wajukuu wa pande zote wamekaa kwenye mabenchi yale yale siku ya Jumapili.

Lazima uwe na mpango wa pili, na siku hizi upo mzuri kuliko zamani. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Ikitokea TAZARA imeahirishwa, kundi lako linaweza kupanda SGR asubuhi mjini Dar na kushuka Morogoro ndani ya saa mbili hivi, likiruka foleni yote ya Kimara, Kibaha na Chalinze. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huduma inaanza ilikuwa shilingi 13,000. Tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, na kwa wageni ni pasipoti, kwa hiyo ile karatasi ya majina inafanya kazi tena. Coaster iwasubiri kwenye stesheni ya Morogoro, ambayo iko Kihonda na si Msamvu. Mwelekeze dereva hivyo kwa herufi kubwa. Kutoka hapo ni barabara: Mikumi, ambako lami inapita katikati ya hifadhi na wanyama huonekana bila ahadi, Ruaha Mbuyuni kwa chakula na vitunguu, kisha kona za Kitonga nyuma ya malori. Laleni Iringa au Mafinga. Anayedai kwamba kundi la watalii linaweza kutoka Dar hadi Yakobi kwa siku moja huwa amewahi kusafiri peke yake, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Wengine watapendekeza ndege hadi Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa 2012, kisha gari kurudi Makambako na Njombe. Kwa mgeni mgonjwa au mwenye siku nne tu, sawa. Kwa wengine ni kulipia zaidi ili kuona kidogo.

Limebaki suala la kurudi, na hapa nina msimamo ambao viongozi wa ziara hawaupendi. Kupanda kwa treni, ndiyo. Kushuka kwa treni kwenda kuwahi ndege, hapana. Sababu ni hesabu tu. Treni ya kupanda huanzia Dar, kwa hiyo ikichelewa, unajua imechelewa kabla hujaingia. Ya kushuka inatoka Kapiri Mposhi, imepita Zambia na mpaka wa Tunduma, na ucheleweshaji wa njia yote hiyo umejumlishwa inapofika Makambako, mara nyingi saa za usiku wa manane ambapo jukwaa lina baridi ya kukata. Utakaa hapo na watu kumi na wanne wenye tiketi za ndege zisizorudishwa fedha, ukipiga simu stesheni kila nusu saa.

Warudishe kwa gari hadi Morogoro, walale huko, na asubuhi wapande SGR. Hivyo wanapata treni ya pili, ya aina nyingine kabisa, inayoondoka na kufika kwa saa, na inayowaingiza jijini hadi stesheni ya katikati ya mji. Au kama ndege ni usiku huo huo na treni mliyokata ni ya kusimama Pugu, washuke Pugu, ambako uwanja wa ndege ni karibu kuliko ukitokea mjini, na gari liwasubiri hapo. Mimi ningewaweka Dar siku moja zaidi kabla ya ndege, waione bahari waliyonyimwa siku ya kwanza, na mwenyeji wao alale.

Anayepokea kundi mwezi wa saba mwakani aanze dirishani TAZARA mwezi wa sita, na jina na namba ya dereva atakayekwenda Makambako viwe kwenye karatasi ya kwanza kabisa anayoandika.